NJIA YA BAFWABAKA MPAKA ISIRO



Tunapokwenda kuhiji Isiro, mawazo yetu yote huwa kaburini kwa Mwenye Heri Anuarite, aliyetangazwa na Papa Yoane Paulo II huko Kinshasa, 15 Agosti 1985. Sisi wakatekista twaomba njia nayo ikumbukwe, maana nchi ile ilipata utakatifu wake wakati wa vita, na ilianza kuupata juu ya kamiyo.

Tarehe 29 Novemba 1964 waasi wa Simba walifika Bafwabaka, wakawapandisha Masista wa Jamaa Takatifu pamoja na wanovisi wao. Walisema wanawapeleka Wamba kwa ajili ya usalama. Usalama gani huo, ikiwa mwenye kuutoa ameshika silaha? Wamba hawakufika. Walilala Ibambi, na kesho yake wakafikishwa Isiro.

Hapo mkubwa mmoja wa askari alimtaka Anuarite awe mke wake. Akakataa. Mama Mkuu Kasima akasimama kumtetea, ingawa naye alikuwa mateka. Usiku wa kuamkia 1 Desemba Anuarite akauawa, mwenye miaka 24, huku akimsamehe muuaji wake.

Alizikwa pamoja na wengine waliouawa. Miezi ilipopita, mwili wake ukafukuliwa. Walimtambuaje? Mfukoni mwa nguo yake mlikuwa na sanamu ndogo ya Bikira Maria, ile aliyoichukua kule Bafwabaka kabla ya kupanda kamiyo.