KUJUA KAZI NA KUJUA KARATASI
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi)



Sisi wa genge la njia tunaijua reli. Tukigonga taruma la mti kwa nyundo, sauti yake hutuambia kama limeoza ndani. Lakini ilipopatikana nafasi ya unyapara, mzee wetu mwenye miaka 19 kazini hakuiomba, kwa sababu nyapara huandika ripoti. Akapewa kijana ambaye mzee huyo ndiye aliyemfundisha kazi. Kijana hana kosa. Kosa ni letu tulionyamaza.

Ndugu, ngumbaru si aibu. Serikali ilianza kampeni ya kufuta ujinga mwaka 1979, na bado uchunguzi wa mwaka 2006 ulionyesha kwamba watu wazima milioni 7.8 katika Kenya hawakujua kusoma na kuandika vya kutosha. Hatuko peke yetu.

Tena ngazi ya kupanda iko. Mtihani wa ufundi wa NITA una daraja tatu: mtu huanza la Tatu, akapanda la Pili, kisha la Kwanza. Mtihani huo hupima mkono, lakini hupima karatasi pia. Na sheria humtaka mwajiri alipe shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanya kazi, ziwe za mafunzo. Basi tuulize: sisi wa koleo zinatufikiaje?

Tunataka chama kidai mambo matatu.

Kwanza, darasa liwe ndani ya saa za kazi. Mtu aliyeshindilia kokoto mchana kutwa, jioni macho hufumba yenyewe.

Pili, masomo yawe ya kazi yetu: ilani za mwendo wa treni, orodha ya vyombo, karatasi ya mshahara.

Tatu, anayepita mtihani apandishwe cheo na mshahara. Cheti bila senti ni pambo la ukutani.

Na sisi tuliosoma shule ya misheni mpaka darasa la nane tusingoje majibu. Saa ya chakula tukae na mwenzetu, tumsomee karatasi yake, naye afuate kwa kidole. Mzee wetu alianza hivyo. Juzi aliletewa wino wa kidole gumba akausukuma kando, akaomba kalamu, akaandika jina lake lote.

Haba na haba hujaza kibaba.