RANDA YA UMEME: TUNUNUE IPI?

(Maneno aliyosema Katibu mbele ya wanachama wa Ushirika. Yameandikwa hapa kwa ajili ya waliokuwa shambani.)



Kama mnavyofahamu, milango ya ghala letu imevimba tangu masika. Miwili haifungi kabisa, tunaiegemeza gogo, na mahindi ya watu yamo ndani. Madirisha ya shule nayo yanakwama. Mmekwisha kukubali fedha ya ziada inunue randa ya umeme. Kilichobaki ni kujua ipi, maana fedha hiyo ni jasho letu na msimu huu hakuna nyingine.

Kwanza tuelewane juu ya kazi yake. Vijana wanasema eti itatunyooshea mbao za vitanda vya kuuza. Hapana, ndugu zetu. Randa ya kushika mkononi kazi yake ni kupunguza: ukingo wa mlango, fremu, boriti iliyotokeza. Kuifanya mbao nzima iwe na unene mmoja ni kazi ya mashine kubwa ya kusimama. Anayeitaka hiyo alete hoja, tutaijadili siku yake.

Randa nyingi za madukani zina upana wa milimita 82. Ukingo wa mlango ni kama milimita 40, basi upana huo unatosha na kubaki. Ziko zinazokula milimita 1 kwa kusukuma mara moja, ziko za milimita 3 na zaidi. Watu hupenda inayokula sana. Lakini mbao zetu ni mninga na mkongo. Hapo fundi hukata kidogo kidogo, la sivyo mbao inachanika. Milimita 2 zinatutosha.

Igeuzeni muone chini. Kuna bapa mbili, la mbele na la nyuma. Kipimo kikiwa kwenye sifuri, lazeni rula juu ya zote mbili. Mkiona mwanga unapita chini ya rula, irudisheni kwa mwenye duka.

Halafu someni kibandiko. Sisi tuliojulia kusoma kwenye kisomo cha watu wazima hatuna sababu ya kusomewa na mwenye duka! Penye herufi V paandikwe 220 hadi 240. Kuna mashine zilizokwisha kutumika Japani, hizo ni za volti 100, na za Marekani ni 120. Ni rahisi kweli, lakini ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230 inaungua palepale. Penye W pasipungue 600.

Sasa visu, na hapa tusikilizane vizuri. Milango ya ghala ni ya zamani, imejaa misumari iliyozama ndani. Hata tukiing'oa mchana kutwa, mmoja utabaki, na kisu kitapata pengo. Visu vya chuma cha kawaida fundi atavinoa kwenye jiwe. Vile vigumu vya pande mbili hukaa na makali muda mrefu, na upande mmoja ukiharibika unavigeuza, ila jiwe letu haliviwezi. Vyovyote viwavyo, mwenye duka aulizwe: visu vya akiba na mkanda wake unavyo? Vitoe tuvione. Akisema vitakuja wiki ijayo, tokeni. Afadhali tulipe zaidi kwa mashine yenye vipuri mjini kwetu, kuliko kununua ya bei rahisi ikawa pambo la ofisi baada ya msumari wa kwanza.

Visu hivyo huzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, na ukiachia swichi bado vinaendelea kwa muda. Kwa hiyo chagueni yenye kiguu cha nyuma, cha kuinua visu visiguse meza. Mtu asipapase chini kwa kidole kuona kama inakata. Kubadilisha kisu, plagi itolewe kwanza. Na vumbi la mvule linawasha kifua, fundi afunge kitambaa puani.

Jumamosi wataondoka fundi seremala na Mweka Hazina kwa basi la alfajiri. Watachukua rula ya shule na kipande cha mninga cha kujaribia pale pale dukani. Stakabadhi itabandikwa hapa ubaoni Jumatatu, kila mwanachama aisome.