Shinyanga, Jangwa la Mikono ya Watu

Uwe Ngokolo au Lubaga hapa mjini, uwe Maganzo, Kahama, Kakola au Geita, sogea karibu na redio yako, kwa maana habari ya leo inahusu ardhi unayoikanyaga.

Katikati ya miaka ya 1980 Mwalimu Julius Nyerere alizuru Shinyanga. Alikuta vilima vimebaki mawe, makorongo yamekata mashamba, na akina mama wakitembea mwendo mrefu kutafuta kuni ambazo hazikuwepo. Akaiita nchi hii jangwa la Tanzania. Lilikuwa jina zito kwa mkoa uliokuwa ukisifika kwa ng'ombe na pamba, na liliwauma watu. Leo nataka tuulize swali moja: jangwa hilo lilitoka wapi, na nani aliliondoa?

Tuanze na mbingu, kwa kuwa ndizo hulaumiwa kwanza. Mji wa Shinyanga uko kwenye uwanda wa juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Mgeni anayeshuka hapa Septemba hupokewa na vumbi na jua lisilo na huruma. Anayekuja Juni au Julai hushangaa usiku unavyomdai blanketi. Mvua ni ya msimu mmoja, kati ya Novemba na Mei, na baada ya hapo ni kiangazi kitupu. Lakini mvua hiyo hufikia kati ya milimita 600 na 800 kwa mwaka, wakati majangwa yenyewe hupata chini ya 250. Nchi yenye mvua kiasi hicho inaota miti. Kama miti haipo, kuna aliyeiondoa.

Na wazee wetu walijua kuishi na kiangazi kirefu. Viazi vitamu vilikatwa vipande na kuanikwa vikawa michembe, au vilichemshwa kwanza ndipo vikaanikwa vikawa matobolwa, chakula cha kuvuka nacho miezi mikavu. Katika mbuga zenye udongo mweusi walijenga majaruba ya mpunga ili tone la mvua lisipotee. Na kwa ajili ya mifugo walikuwa na ngitili.

Msikilizaji wa Usukumani hahitaji kuelezwa ngitili, lakini wageni wetu wasikie. Mvua zinapoanza, familia au kijiji hufunga sehemu ya ardhi. Hakuna kuchunga humo wala kukata mti. Majani yanakua na kusimama, miti inachipua. Kiangazi kikifika katikati, malisho ya nje yakiwa yamekwisha, ngitili inafunguliwa, na wa kwanza kuingia ni ndama, ng'ombe wanaokamuliwa, maksai waliochoka na walio wagonjwa. Ni ghala la majani yaliyo hai. Anayevunja masharti hushtakiwa mbele ya dagashida, baraza la jamii, na kutozwa faini. Hapa hakukuwa na askari wa misitu. Palikuwa na haya, na palikuwa na sheria ambayo kila mtu aliijua.

Sasa jangwa. Katika miaka ya 1920 adui mkubwa aliyetajwa alikuwa mbung'o, mdudu aletaye nagana kwa ng'ombe na malale kwa binadamu. Mwingereza Charles Swynnerton aliiongoza idara ya utafiti wa mbung'o yenye makao yake hapa hapa Old Shinyanga, hadi alipofariki katika ajali ya ndege mwaka 1938. Mbung'o anapenda kivuli cha vichaka. Kwa hiyo vichaka vikafyekwa. Watu walikusanywa kwa maelfu na mashoka yao, eneo kwa eneo. Tusiwadharau waliofanya kazi ile, kwani ugonjwa ulikuwa wa kweli na ng'ombe walipona. Ila miti iliyofyekwa haikurudishwa, na ardhi iliyokuwa wazi iliita jembe.

Jembe likaja na pamba. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 ikipita Shinyanga, na zao la biashara likapata njia ya kufika bandarini. Kadiri pamba ilivyolipa, ndivyo mashamba yalivyopanuka, na fedha ya pamba ikanunua ng'ombe zaidi. Serikali ya kikoloni ilipoona ardhi inachoka, mwaka 1947 ilianzisha mpango wa maendeleo ya Usukuma, makao yake Malya. Watu waliagizwa kupunguza mifugo na kulima kwa matuta, na wengi wakahimizwa kuhamia Geita, kwenye ardhi yenye mvua zaidi. Hivyo kuhama kwa watu wa Shinyanga kwenda Geita kuna historia ndefu, na jembe la kutafuta shamba lilikuwa sehemu yake kama sururu ya kutafuta dhahabu. Amri zile ziliwachosha watu. Mwaka 1958 Geita ilijaa upinzani dhidi ya baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi, na hasira ya amri za kilimo na mifugo ilikuwa ndani yake.

Kisha tukapata uhuru, na pigo lililofuata tulilitoa wenyewe. Katika operesheni ya vijiji, hasa 1974 na 1975, familia ziliacha maboma yao na kukusanywa mahali pamoja. Nia ilikuwa shule, zahanati na maji kwa wote. Lakini ngitili ya babu ilibaki kule nyuma bila mwenyewe, na ardhi isiyo na mwenyewe hukatwa na kila apitaye. Katika miaka michache kilichokuwa akiba ya ukoo kikawa kuni na mkaa. Hilo ndilo jangwa Mwalimu alilolikuta, na ni haki kusema kwamba sera ya serikali yake ilichangia kulileta.

Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao wengi tunaufahamu kwa jina la HASHI, kwa msaada wa Norway. Mwanzoni wataalamu walikuja na vitalu vya miche, mingi ikiwa ya miti ya kigeni, wakagawa na kuhimiza watu wapande. Baadaye walifanya jambo ambalo miradi mingi haifanyi: waliwasikiliza wenyeji. Wenyeji walisema ardhi ikifungwa, miti itarudi yenyewe, kwa kuwa visiki na mizizi ya migunga bado viko hai chini ya vumbi. Ngitili ikarudishwa kwa familia na vijiji, na dagashida ikarudishiwa meno yake.

Mwaka 1986 ngitili zilizofahamika zilikuwa takribani hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Wakati huo mkoa ulikuwa bado haujagawanywa, ukijumuisha sehemu ambazo tangu 2012 ziko Simiyu na Geita. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulikadiria kuwa ngitili zilimpatia mtu mmoja manufaa ya dola 14 za Marekani kwa mwezi, wakati wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini nchini ulikuwa dola 8 na nusu. Ni kuni, asali, dawa, nyasi za kuezekea na malisho, vitu ambavyo mama wa nyumbani huvihesabu kila siku hata kama bajeti ya taifa haivihesabu.

Mji nao ulikuwa na kiu yake, na hiyo pia haikutoka mbinguni tu. Kwa miaka mingi Shinyanga ilitegemea bwawa la Ning'hwa, ilhali Ziwa Victoria liko kaskazini tu. Kikwazo kimoja kilikuwa mkataba wa mwaka 1929 kati ya Uingereza na Misri, uliotaka Misri ikubali kwanza kabla ya maji ya Nile na maziwa yake kuguswa. Tanganyika ilitangaza mwaka 1962 kwamba mkataba huo hauifungi. Ilichukua zaidi ya miaka 40 kauli hiyo kuwa bomba. Maji yakavutwa kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, hadi Kahama na Shinyanga, na mwaka 2009 Rais Jakaya Kikwete akauzindua mradi. Ukifungua bomba leo, kumbuka kwamba kuna waliokataa kupangiwa maji yao na mikataba ya watawala.

Sasa nasema na wewe uliye kwenye ukanda wa dhahabu. Kila duara, yaani shimo la mchimbaji, linahitaji matimba, magogo ya kuzuia kuta zisianguke. Kila rashi, yaani mbio za kukimbilia dhahabu mpya, ikitangazwa, kambi huota kwa wiki chache, na kambi hupika kwa mkaa. Dhahabu ni riziki halali na sitamlaumu kijana anayeitafuta. Ila historia niliyoisimulia inaonyesha jinsi jangwa linavyoingia: kila mara kwa sababu njema, na kila mara bila mtu wa kuulizwa miti itarudishwa na nani. Mara ya kwanza sababu ilikuwa mbung'o, ikafuata pamba, ikafuata vijiji. Tusikubali dhahabu iwe ya nne.

Njia ipo, na ni ya kisheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zinaruhusu kijiji kutenga msitu wake na kuutungia sheria ndogo. Mkutano mkuu wa kijiji chako ukiitishwa, nenda. Uliza ngitili ya kijiji ina mipaka ipi, imeandikwa wapi, na matimba yanayoingia machimboni yanakatwa kwa kibali cha nani. Wazee waliokumbuka masharti ya ngitili waliwawezesha wataalamu kuirudisha nchi. Sasa masharti hayo yako mikononi mwako.