Jicho la Samaki Kwanza: Kubuni Mavazi ya Kujificha kwa Wazamiaji



Mavazi mengi ya mabaka wanayouziwa wawindaji wa chini ya maji yamechorwa ili yampendeze mnunuzi dukani. Mada hii inadai kwamba mbunifu aanze na maji, kisha jicho la samaki. Mchoro wa kitambaa uje mwisho.

Maji hula rangi. Hata katika bahari angavu, wekundu hufifia ndani ya mita chache za mwanzo, rangi ya machungwa hufuata, njano huhimili kidogo, na chini zaidi hutawala buluu na kijani. Mwani mwekundu uliochapwa kwenye suti ya neoprini, ukifika mita 15, ni doa la kijivu kilichokoza. Hapo kinachofanya kazi ni tofauti ya weupe na weusi, pamoja na ukubwa wa mabaka. Mabaka madogo huchanganyika kwa mbali, na mzamiaji huonekana umbo moja lenye mikono na miguu. Mabaka mapana yanayokatiza bega, kiuno na paja ndiyo huvunja umbo hilo, kanuni ambayo Hugh Cott aliifafanua kwa wanyama mwaka 1940.

Samaki nao hawaoni sawa. Mwaka 2011 Nathan Hart na wenzake wa Chuo Kikuu cha Australia Magharibi walichunguza macho ya spishi 17 za papa. Baadhi hawakuwa kabisa na seli za koni, na waliosalia walikuwa na aina moja tu. Yaelekea papa hao hawatambui rangi. Kutokana na kazi hiyo, mwaka 2013 zilitolewa suti mbili: moja ya buluu ya kumficha mvaaji majini, nyingine ya milia iliyokusudiwa kumtahadharisha papa. Samaki wengi wa matumbawe, kinyume chake, huona rangi vizuri, na wengine huona hata mionzi ya urujuanimno. Suti ya papa isiuzwe kwa anayemvizia chewa.

Kuna mahali kitambaa hushindwa. Samaki aliye chini akitazama juu humwona mzamiaji kama kivuli dhidi ya mwanga, na tumbo jeupe hupunguza kivuli hicho kidogo tu. Tena samaki huhisi msukosuko wa maji kwa mstari wa ubavuni. Pigo moja la pezi kwa pupa hubatilisha mabaka yote.

Linalonisumbua zaidi ni usalama. Aliyefichika kwa samaki amefichika pia kwa nahodha wa boti, na panga za injini hazisubiri. Boya na bendera ni lazima. Lakini maji yenyewe yanatupa msaada: kofia nyekundu huonekana wazi mzamiaji anapoibuka kuvuta pumzi, na kwenye kina cha windo wekundu wake umekwisha. Iwe rangi ya kawaida. Za fluoresenti hubaki ziking'aa hata kilindini.

Kwetu Kenya na Tanzania kanuni za uvuvi zinakataza bunduki ya mkuki, hivyo watumiaji tunaowalenga ni wapiga picha na watafiti wanaohesabu samaki miambani. Napendekeza tuanze na vipande vya kitambaa, kabla ya kushona suti yoyote: tuvishushe mita 3, 10 na 20, maji yakiwa maangavu na yakiwa na tope, tuvipige picha kutoka ubavuni na kutoka chini, bila kuongeza taa.