Fimbo ya ndobo haichaguliwe kwa kura
Bengi banasema: tununue bote fimbo za duka za namna moja, juu majirani banazisifu. Miye ninaomba tuulize kwanza mukono wa mwenye kuvua. Kule Tshangalele maji imetulia, mwanzi mwepesi unatosha. Hapa Koni, chini ya bwawa, Lufira inakimbia. Kambale mukubwa anavunja mwanzi mukavu. Wa ndani ya bwato anapenda fimbo fupi, wa kandokando anataka ndefu.

Bafadhili betu, feza ya kununua ni ya mara moja tu. Basi kila mutu ajaribu mbele ya kuchagua. Fimbo yenye kubaki kwa kona ya nyumba hailishe batoto.