Kumkabidhi Mwingine Mkataba Wako



Mtu amekopa pikipiki, amelipa marejesho ya miezi saba, kisha mambo yakamwendea kombo. Anamwambia mwenzake: "Nirudishie nilicholipa, malizia deni, pikipiki iwe yako." Wanaandikiana mbele ya mjumbe, kila mmoja akiona ameokoka. Mkopeshaji hana habari.

Kwa sheria ya madai, karatasi ile inawafunga wao wawili tu. Haki ya kulipwa fedha kwa kawaida mtu aweza kumpa mwingine; wajibu wa kulipa hautoki mabegani mwake bila ridhaa ya anayemdai. Mkopeshaji alichunguza kipato cha mtu fulani na wadhamini wake; habebeshwi mdaiwa asiyemchagua. Hivyo mwenzako akiacha kulipa, utadaiwa wewe, ijapokuwa pikipiki yenyewe hujaiona kwa miezi kadhaa. Hata hivyo, kwa maoni yangu, aliye hatarini zaidi ni yule aliyepokea. Analipa kwa jina la mtu mwingine, risiti hazimtaji, na kadi ya pikipiki iko kwa mkopeshaji. Pikipiki ikikamatwa, atabaki na karatasi ya kumdai mtu ambaye huenda amekwisha kuhama mtaa.

Njia iliyonyooka imo katika kifungu cha 62 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345: wahusika wakikubaliana kuweka mkataba mpya mahali pa ule wa awali, ule wa awali hauhitaji tena kutekelezwa. Mkataba huo mpya utiwe saini na wote watatu. Utaje deni lililobaki, tarehe ambayo wajibu unahama, na jambo ambalo ni rahisi kulisahau: kwamba mdaiwa wa kwanza ameachiliwa. Lisipoandikwa, mkopeshaji aweza kudai kuwa ameongezewa mlipaji tu, wala hakumwachilia yeyote. Wadhamini nao waulizwe, maana walimdhamini mtu, si pikipiki.

Hutokea pia kinyume chake, mkopeshaji akauza deni lako kwa kampuni nyingine. Usianze kuilipa kwa sababu tu umepigiwa simu. Dai taarifa ya maandishi kutoka kwa yule uliyekopa kwake, uihifadhi pamoja na stakabadhi zako za nyuma, ndipo ubadilishe namba unayolipia.