Noeli Yetu na Watoto wa Buhangija

Wapendwa Wakristo, nanyi walimu, mwaijua nchi yetu, toka Shinyanga hata machimbo ya dhahabu ya Geita. Mwaujua pia uwongo wa waganga, ya kwamba kiungo cha mtu mwenye ualbino huleta mali. Kwa uwongo huo damu ilimwagika. Mwezi Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumwua mtoto. Siku zile za hofu watoto wengi walipelekwa shule ya Buhangija, mjini Shinyanga, wapate kulala salama.

Sisi tuliokwenda huko siku ya Noeli twakiri kosa letu. Kanisa hili laleta mchele, na lile mchele, kwaya zafuatana hata watoto wachoka kupiga makofi. Juma lipitapo, hapana mgeni. Mtoto mmoja alituuliza nani atampeleka kwa mama yake. Tulinyamaza.

Basi tugawane sikukuu na ndugu zetu wa AIC na Walutheri: hawa Noeli, hawa Pasaka, hawa Pentekoste. Mafuta ya ngozi na kofia pana yatangulie pilau. Na kwaya zetu zifike machimboni, kwa wale waliodanganywa.